Kompyuta ya Nyumbani Imekuwa Nzito: Pima Kwanza, Ndipo Ufungue Pochi

Jirani yangu hapa Dar es Salaam, mwalimu mstaafu, aliniletea laptop yake ndani ya kikapu cha sokoni. Alipokwisha kuitikia shikamoo yangu akasema, "Mwanangu, hii mashine imechoka kama mimi." Alikuwa ameshaipeleka kwa fundi mara mbili, na mara zote mbili fundi alipiga Windows upya. Ilikwenda vizuri wiki mbili hivi, kisha ikarudia uzito wake. Ukiiwasha asubuhi unainjika chai, unaichuja, unainywa, ndipo kioo kinatulia.

Fundi anayepiga Windows kwa kila tatizo hana tofauti na mtu anayemeza dawa ya malaria kila akipata homa. Mara nyingine anabahatisha. Mara nyingi anapoteza muda wako, faili zako na hela yako. Kompyuta nzito ina kiungo kimoja kinachowasubirisha wengine, na Windows yenyewe ina chombo cha kukuonyesha ni kipi. Nitakuonyesha jinsi ya kukisoma chombo hicho, kisha cha kufanya kulingana na ulichokiona.

Mashine ya Mwalimu ni HP EliteBook 840 G1, aina inayouzwa sana kwenye maduka ya kompyuta za mtumba: prosesa Core i5 ya kizazi cha nne, RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) ya 4 GB, diski ya kuzunguka ya 500 GB, Windows 10. Kama yako inafanana na hiyo, na kompyuta nyingi za nyumbani zinafanana nayo, mengi ya humu yanakuhusu moja kwa moja. Majina ya programu na vitufe nimeyaacha kama yanavyoonekana kwenye kioo ili usipotee njiani.

Kabla ya yote: ni kompyuta au ni mtandao?

Watu wengi wanalaumu kompyuta kwa kosa la bando. Zima Wi-Fi, kisha fungua Word, fungua folda yenye picha, andika kidogo, hifadhi. Vikienda haraka, kompyuta haina kosa, mtandao ndio mzito. Kama unatumia simu kama modemu, nenda Settings, Network & Internet, chagua mtandao huo na uwashe Set as metered connection. Windows itaacha kushusha masasisho makubwa kimyakimya. Nimewahi kuona bando la wiki likiisha usiku mmoja kwa sababu ya sasisho moja ambalo mwenye mashine hakujua hata kama lipo.

Kama Word nayo inajikokota bila mtandao, tuendelee.

Kuzima si kuwasha upya

Hili linawashangaza wengi. Katika Windows 10 na 11, ukibofya Shut down kompyuta haizimi kila kitu. Kuna kitu kinaitwa Fast Startup: kiini cha mfumo kinahifadhiwa kwenye diski na kurudishwa kama kilivyokuwa utakapowasha tena. Kwa hiyo unaweza kuizima kila usiku kwa mwezi mzima na bado uchafu wa mwezi mzima ukawamo. Anayesafisha ni Restart. Mfano wa Mwalimu: alikuwa akiizima kila siku, lakini Task Manager ilisema imekuwa macho siku 23.

Basi bofya Restart, isubiri itulie, uitumie kama kawaida. Ikipona, hukuwa na ugonjwa mkubwa. Zoea kufanya hivyo mara moja kwa wiki. Isipopona, fika hatua inayofuata, ambayo ndiyo moyo wa kazi yote.

Kusoma safu nne

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager inafunguka. Ikiwa ni kidirisha kidogo, bofya More details. Kichupo cha kwanza, Processes, kina safu nne za kuangalia: CPU, Memory, Disk, Network. Kila moja ina asilimia yake juu kabisa.

Usisome mara tu baada ya kuwasha. Dakika za mwanzo kila kompyuta inahangaika, ni kama duka asubuhi mzigo unaposhushwa. Ipe dakika 10. Soma ikiwa imetulia bila kufungua kitu, kisha fungua vitu unavyotumia kila siku na usome tena pale inapoanza kuganda. Andika namba kwenye karatasi. Karatasi hiyo itakuokoa na fundi mwenye maneno mengi.

Sasa tafsiri yake.

Memory ikiwa juu ya asilimia 85 na Disk nayo imegonga 100, mwenye kosa ni RAM, si diski. RAM ikijaa, Windows inahamishia sehemu ya kazi kwenye faili la diskini liitwalo pagefile.sys, na diski inalemewa kwa kazi isiyo yake. Watu wengi wanakosea hapa: wanaona Disk ina rangi nyekundu na kwenda kununua diski.

Disk ikiwa 100 huku Memory iko 50 hadi 70 na kitu, diski yenyewe ndiyo kikwazo. Ama ni ya kuzunguka na imezidiwa, ama inakufa.

CPU ikiwa juu muda wote bila wewe kufanya kitu, kuna programu inakula prosesa. Bofya neno CPU juu ya safu ili anayekula zaidi apande kileleni, umuone.

Namba zote nne zikiwa chini lakini mashine bado ni nzito, usikate tamaa. Fungua kichupo cha Performance, bofya CPU, utazame Speed. Ikiwa prosesa ya GHz 2 na kitu imekwama kwenye 0.8 hata unapofanya kazi, kuna kitu kinaibana: joto, chaja, au mpangilio wa umeme. Nitalirudia.

Kwa Mwalimu tulipata Memory 71, Disk 100, CPU 14. Mashine haikuwa imechoka. Prosesa ilikuwa imekaa bure ikisubiri diski.

Diski ya kuzunguka, na kwa nini inaumiza hivyo

Tukae hapa kidogo, maana hapa ndipo mashine nyingi za nyumbani zinapoangukia.

Ndani ya diski ya zamani kuna sahani inayozunguka mara 5400 kwa dakika kwenye laptop nyingi, na mkono wenye kichwa cha kusomea. Faili likihitajika, mkono unasogea, kisha unasubiri sahani izunguke hadi mahali husika. Mzunguko mmoja ni kama milisekunde 11. Ukijumlisha kusogea kwa mkono, kila safari ya kutafuta inakula milisekunde 15 hadi 20. Kwa hiyo diski hiyo inaweza kuchukua vitu vidogo vilivyotawanyika kama 60 hivi kwa sekunde, basi. Na Windows inapowaka inahitaji maelfu ya vitu vidogo.

Muulize muuza duka anayeandika madeni kwenye daftari bila mpangilio wa majina. Ukimuuliza deni la mtu mmoja, anapekua, anakupa. Watu mia wakiuliza kwa mpigo, duka limesimama.

SSD, diski ya aina mpya, haina sahani wala mkono. Ya SATA, inayoingia mahali pale pale pa diski ya zamani, inasoma MB 500 na zaidi kwa sekunde dhidi ya kama 100 za diski ya kuzunguka, lakini hiyo si tofauti kubwa kuliko zote. Tofauti iko kwenye vile vitu vidogo: inavichukua kwa maelfu mengi kwa sekunde. Ndiyo sababu laptop ya mwaka 2014 yenye SSD inaweza kuwaka haraka kuliko mpya yenye diski ya kuzunguka.

Ili kujua uliyo nayo: Task Manager, Performance, Disk 0. Kwenye Windows 10 ya karibuni na Windows 11 imeandikwa HDD (ya kuzunguka) au SSD pale pale. Angalia pia Average response time. Diski ya kuzunguka ikiwa na milisekunde 10 hadi 20 ni kawaida yake. Ikipanda mamia na kukaa huko hata kazi ikiwa ndogo, kuna ugonjwa.

Ndipo uangalie afya yake. Shusha programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo kwenye tovuti ya mtengenezaji wake, ifungue. Kisanduku cha bluu chenye neno Good ni heri. Cha njano, Caution, ni onyo. Cha nyekundu ni msiba. Kwenye orodha tafuta mistari ya 05, C5 na C6: inahesabu sehemu za diski zilizoharibika au zinazoelekea huko. Unataka sifuri tupu upande wa kulia.

Ukiona njano au nyekundu, au diski ikitoa mlio wa kugonga "tak, tak, tak", acha kila kitu. Usifanye majaribio, usiendeshe chkdsk (programu ya Windows ya kukagua diski), usipige Windows. Toa faili zako kwanza: picha, vyeti vilivyoskaniwa, hesabu za biashara, kazi za shule. Chkdsk yenye /r inaikamua diski kuanzia mwanzo hadi mwisho, na diski mgonjwa inaweza kufia mikononi mwake. Ukishatoa, hapo fanya utakalo.

Ikiwa diski ni nzima lakini ni ya kuzunguka, unaweza kuipunguzia mzigo kabla ya kununua kitu. Andika defrag kwenye kisanduku cha kutafutia, fungua Defragment and Optimize Drives, bofya Optimize. Inapanga vipande vya faili vikae pamoja. Kwa diski ya kuzunguka inasaidia kiasi. Kwa SSD haina faida. Windows inajua tofauti na huituma SSD kazi nyingine, lakini zile programu za kudefragi za mtaani hazijui kila mara, ziache.

Nafasi iliyojaa

Hili fupi. C:, yaani sehemu ya diski yenye Windows, ikibaki na nafasi chini ya asilimia 15, mashine inaanza kukosa pumzi, iwe SSD au la. Nenda Settings, System, Storage, kisha Temporary files. Weka alama kwenye vitu vya muda, vya masasisho ya zamani na pipa la taka. Tahadhari moja: kwenye orodha hiyo kuna Downloads. Wengi wetu Downloads ndiyo kabati letu la nyumba, humo ndimo vyeti, fomu za mkopo na picha za harusi zilizotumwa WhatsApp. Usiiwekee alama kabla hujaipekua.

Filamu na misimu ya tamthilia zihamishie kwenye diski ya nje. Hazifanyi kazi yoyote kwenye C:.

Wanaoamka na kompyuta

Katika Task Manager kuna kichupo cha Startup. Humo wamo wanaojiwasha wenyewe kila kompyuta inapowaka, na safu ya Startup impact inakuambia nani mzito. Bofya kwa kitufe cha kulia, chagua Disable. Hufuti programu, unaiambia isubiri kuitwa.

Zima bila wasiwasi: Spotify, Teams, uTorrent, vijumbe vya kusasisha Adobe, na OneDrive kama huitumii. Acha vya sauti, vya padi ya kugusa, na Windows Security. Usichokijua, tafuta jina lake mtandaoni kabla ya kukigusa. Kwa Mwalimu tulikuta 14, tukaacha wanne.

Hapo hapo futa zile programu zinazojiita visafishaji, viongeza RAM na visasisha draiva. Zinazosafisha kweli ni chache, na Windows inafanya kazi hiyo bila malipo. Nyingi zinakula RAM ileile zinayodai kuiongeza. Na antivairasi iwe moja. Mbili zikikaa pamoja kila faili linakaguliwa mara mbili, na zenyewe zinakaguana. Kwa nyumba ya kawaida Defender iliyokuja na Windows inatosha.

RAM: hesabu kabla ya kununua

Windows 10 ikiwa imetulia inakula takriban GB 2. Kwenye mashine ya GB 4, tena sehemu imechukuliwa na picha za kioo, unabaki na kama GB 1.5 ya kufanyia kazi. Kichupo kimoja cha brauza kinaweza kula MB 100 hadi 300, na ukurasa wa video zaidi ya hapo. Hesabu mwenyewe: vichupo 8 na Word, umeshajaa.

Kabla ya kutoa hela, badilisha mazoea. Kwenye Chrome nenda Settings, Performance, washa Memory Saver, inalaza vichupo usivyotumia. Ondoa viongezi vya brauza ambavyo hukumbuki hata kuvileta. Hiki kimoja kinaweza kukutosha.

Kisicho na njia ya mkato ni kuongeza RAM. GB 8 ndicho kiwango ninachokiona cha amani kwa nyumba ya leo. 16 ni kwa anayehariri video au kufungua majedwali makubwa. Lakini kuna mitego mitatu.

Mtego wa kwanza ni nafasi. Task Manager, Performance, Memory inaonyesha Slots used. Ikisema 1 of 2, una bahati, unaongeza tu. Laptop nyembamba nyingi RAM imeunganishwa kwenye bodi, hakuna pa kuongezea.

Wa pili ni aina. DDR3 na DDR4 haziingiliani. Pengo la katikati limekaa mahali tofauti, na anayelazimisha anavunja. Tena DDR3 za laptop zina ndugu wawili: PC3 ya volti 1.5 na PC3L ya volti 1.35. Laptop za Intel kizazi cha nne, kama ya Mwalimu, zinataka PC3L. Ukiweka PC3 zinaweza kukataa kuwaka kabisa. Chomoa iliyopo, nenda nayo dukani, linganisha maandishi herufi kwa herufi.

Wa tatu ni Windows ya biti 32. Settings, System, About, tazama System type. Ikiwa 32-bit, haitatumia zaidi ya GB 4 hata ukiijaza 16. Hiyo ndiyo hali mojawapo ambapo kupiga Windows upya, ya biti 64, ni lazima.

Prosesa iliyobanwa: joto, chaja na mgeni asiyealikwa

Laptop hupuliza hewa ya moto pembeni na kuvuta ya baridi chini. Ukiiweka kitandani au kwenye godoro umeziba pua zake. Prosesa ikikaribia nyuzi 95 hadi 100 inajipunguzia kasi ili isiungue. Hapo ndipo kompyuta inaanza vizuri, na baada ya dakika 20 inakuwa kobe. Programu ya HWMonitor inaonyesha joto. Ikizidi 90 kwa kazi ndogo, kuna vumbi au pesti iliyo kati ya prosesa na kipoozeo imekauka.

Kusafisha: zima, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, fungua kifuniko cha chini. Ishike feni isizunguke, kwa kijiti au kidole, ndipo upulize, maana upepo mkali wa bloa unaweza kuizungusha kupita uwezo wake. Kwenye mapezi ya kipoozeo utakuta blanketi la vumbi; kwa nyumba zilizo kando ya barabara ya vumbi nimekuta kama pamba ya mto. Pesti mpya ni tone dogo, ukubwa wa punje ya mchele. Kama hujawahi, hii kazi mwachie fundi, ila simama ukiangalia.

Chaja ndiyo siri ambayo watu wachache wanaijua. Laptop za Dell zinaitambua chaja kupitia sindano ndogo ya katikati ya plagi. Ukiweka chaja ya kuiga, au sindano ikipinda, mashine inasema haiitambui, inakataa kuchaji betri na inapunguza kasi ya prosesa. Mtu anabonyeza kitufe kuondoa ujumbe huo kila asubuhi, kisha anashangaa uzito. Jaribu hivi: kama betri ina chaji, chomoa chaja uone Speed kwenye Task Manager. Ikiruka kutoka 0.8 hadi 2, umempata mwizi.

Mpangilio wa umeme nao ukague: Control Panel, Power Options, chagua Balanced. Power saver kwa mashine iliyochomekwa ukutani haina maana.

Na mgeni asiyealikwa. Windows na Office nyingi za mtaani zimefunguliwa kwa kraki (programu ya kukwepa leseni), na kraki nyingi zinakuambia uzime antivairasi kwanza. Fikiria hapo: mtu usiyemjua anakuomba umfunge mbwa kabla hajaingia uani. Baadhi ya kraki hizo huacha nyuma programu inayochimba sarafu za mtandaoni kwa umeme wako. Dalili yake: feni inanguruma kompyuta ikiwa imekaa tu, na ukifungua Task Manager inatulia ghafla, kwa sababu baadhi ya programu hizo zinajificha zikijua zinaangaliwa. Fungua Windows Security, Virus & threat protection, Scan options, chagua Microsoft Defender Offline scan. Kompyuta itajiwasha upya na kukagua nje ya Windows, kama robo saa. Ikiwa Windows Security haifunguki kabisa, au inasema imezimwa na msimamizi usiyemjua, usihangaike kuitibu. Toa faili zako na upige Windows safi.

Kwa kuwa tumegusa virusi: kile kirusi cha flashi kinachogeuza folda kuwa vijimkato (shortcut) baada ya kutoka steshenari hakijafuta faili zako, kimezificha. Kagua flashi kwa Defender kwanza. Kisha fungua Command Prompt, na kama flashi ni E, andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Zitarudi kuonekana. Vijimkato vifute.

Kabla ya kupiga Windows, mtengeneze aliyepo

Kama diski ni nzima na bado mambo yanaganda au programu zinajifunga, fungua Command Prompt kama msimamizi, andika hizi kwa mfuatano huu:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth

sfc /scannow

Ya kwanza inahitaji mtandao na inaweza kukaa kama imelala kwenye asilimia 62. Iache. Ya pili inarekebisha faili za mfumo zilizoharibika, jambo la kawaida kwa kompyuta za mezani zisizo na UPS ambazo umeme unakatika katikati ya kazi.

Isipotosha, ndipo upige. Kwenye tovuti ya Microsoft kuna Media Creation Tool inayotengeneza flashi ya kupigia; flashi iwe ya GB 8 au zaidi, nayo itafutwa yote. Laptop nyingi zilizotoka na Windows 8 na kuendelea zina leseni yake ndani ya bodi, kwa hiyo kraki huihitaji. Angalia Activation kwenye Settings kabla hujaanza.

Hapa kuna suala la tarehe. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma 14 Oktoba 2025. Anayejiandikisha kwenye mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama anasogezwa hadi 13 Oktoba 2026. Windows 11 inadai TPM 2.0 (kifaa cha usalama ndani ya kompyuta) na, kwa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda mbele. Kizazi kinasomeka kwenye jina: i5-4300U ni ya nne, i5-8250U ni ya nane. Kuna njia za kuilazimisha Windows 11 kwenye mashine za zamani. Mimi sizipendi kwa kompyuta ya mtu mwingine, kwa kuwa sasisho likigoma ni mimi nitakayepigiwa simu usiku. Kwa anayetumia brauza, hati na filamu tu, ninaweka Linux Mint toleo la Xfce, ambayo inakwenda vizuri hata kwenye GB 4, haina gharama, na LibreOffice inafungua hati za Word. Ijaribu kwanza ikiwa kwenye flashi bila kuisimika, uone kama printa yako na Wi-Fi vinakubali.

Kununua na kufunga SSD

Mwalimu aliamua kununua SSD ya 256 GB. Kwa laptop kama yake ni ya inchi 2.5 ya SATA. Mashine za baadaye zinatumia kipande chembamba cha M.2, na hapo angalia sana: kuna M.2 ya SATA na M.2 ya NVMe, zinafanana kwa macho lakini si kila mashine inakubali zote. Tafuta modeli yako kamili kabla ya kutoka nyumbani.

SSD na flashi bandia zipo nyingi. Ya TB 2 kwa bei ya chakula cha mchana ni flashi ndogo iliyodanganywa namba. Ukifika nyumbani, kabla hujaweka chochote, ijaze kwa programu ya H2testw. Inaandika kila sehemu na kuisoma tena. Ikisema kuna data iliyopotea, irudishe siku hiyohiyo ukiwa na risiti.

Kufunga kwenye 840 G1 hakuhitaji hata bisibisi kwa kifuniko, kina kitasa cha kusukuma. Ndani diski inashikiliwa na skrubu chache. Toa betri kwanza, gusa chuma kilicho wazi ili umeme wa mwilini utoke, chomoa diski bila kuipinda, ingiza SSD kwa ulalo uleule. Nilipiga Windows safi badala ya kunakili ya zamani, maana sikutaka kuhamisha matatizo ya zamani kwenye nyumba mpya. Nikarudisha faili zake kutoka diski ya nje, nikaiwasha mara tatu nikiwa na saa mkononi. Sekunde 19, 17, 18. Tukafungua tena Task Manager: Disk 3.

RAM hakuongeza. Alisema atangoja pensheni ya mwezi ujao, nami nikamwambia hana haraka, avijue tu vichupo vyake.

Diski yake ya zamani niliiweka kwenye kasha la waya wa USB, nikaandika tarehe juu yake kwa kalamu ya wino mzito. Nimemwomba asiifute kwa mwezi mzima, kwa sababu kila mara kuna faili moja lililosahaulika mahali pa ajabu. Siku ya nne alinipigia: mtihani wa kidato cha pili aliouandaa mwaka 2016 ulikuwa umekaa kwenye folda ya Music.